Tepu yangu na afya yako

Swali la wiki: Mwanamke mwenye afya ana umbo gani?
Jibu la msomaji, fundi wa nguo, Soko la Jericho, Nairobi

Mhariri, nimesoma majibu mliyochapa wiki jana. Bwana wa Donholm anasema mwanamke wa Kiafrika asiye na nyonga ama ni mgonjwa ama ameolewa na bahili. Dada wa Kilimani, anayefundisha mazoezi, anasema tumbo bapa ndilo ushahidi wa afya. Mimi nashona nguo. Kazi yangu ni kuzungusha tepu kwenye vifua, viuno na nyonga za wanawake wa Eastlands na kuandika vipimo daftarini. Wengine niliwashonea gauni la ubatizo wa kifungua mimba, na sasa wanaoza watoto haohao. Kama umbo lingekuwa linatangaza afya, mimi ningeshakuwa daktari.

Halitangazi. Nina mteja wa kiuno cha inchi 27 anayemeza dawa za presha kila asubuhi. Nina mwingine wa nyonga za inchi 48 anayepanda hadi ghorofa ya tano na jora la pazia begani, na akifika juu anaendelea na hadithi aliyoianzia chini.

Sisemi tepu ni bure, lakini. Katika vipimo vyote ninavyochukua, kimoja kina maana hata kwa daktari, nacho ni kiuno. Mafuta ya nyonga na mapaja hukaa chini ya ngozi na hayana fujo nyingi. Yanayoleta balaa ni yale ya ndani ya tumbo, yanayolizunguka ini na matumbo, kwa sababu hayo ndiyo yanayoandamana na sukari, presha na maradhi ya moyo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limeweka mpaka wa sentimita 80 kwa mwanamke wa Afrika kusini mwa Sahara, yaani inchi 31 na nusu hivi. Kuna kanuni nyingine nyepesi zaidi: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Kwa mwanamke wa sentimita 160 kanuni zote mbili zinaangukia palepale. Ila upime kama hospitali, katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Sisi mafundi tunapima palipo pembamba kabisa, na mteja naye huwa amevuta tumbo mpaka macho yanamtoka. Nikimwambia, "Pumua, mama," kitambaa kinaongezeka inchi mbili papo hapo.

Kwa hiyo Bwana wa Donholm, nyonga unazozisifu hazina kosa, ila usizifanye cheti cha hospitali. Nyingi zimerithiwa kwa nyanya. Na dada wa Kilimani amelikaribia jambo, sema bapa ni habari ya picha. Mwanamke aliyezaa watatu anaweza kuwa na ngozi iliyolegea na misuli ya tumbo iliyoachana katikati, na vipimo vyake vya damu vikawa safi kabisa.

Wateja wangu hawaji na vipimo vya damu. Wanakuja na picha kwenye simu. Nendeni muone maduka ya jinzi katikati ya jiji: masanamu yamepewa makalio ambayo sijawahi kuyapima kwa binadamu, juu yake kiuno cha mtoto wa shule ya msingi. Figa namba nane, wanasema. Asiye na subira hununua suruali ya ndani yenye sponji, na hiyo sina ugomvi nayo, maana ikivuliwa imekwisha. Hata namba za mitumba zinatesa watu bure. Gauni la Uingereza lililoandikwa 12 ni karibu sawa na 8 ya Marekani, na yote mawili yananing'inia kwenye kibanda kimoja Gikomba. Mtu anavaa la kwanza ananuna, anavaa la pili anacheka, na mwili ni uleule.

Kinachonishughulisha zaidi ni hofu ya kukonda, na sisi tuliokuwa vijana miaka ya tisini tunajua ilikotoka. Rais Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999, mitaa yetu ilikuwa imeshazoea mazishi. Mtu akipungua, majirani walikuwa wanajua, au walidhani wanajua. Fundi aliyenifunza kazi alinionya nipunguze nguo ya mteja bila kuuliza neno lolote. Dawa zikaja, watu wakapata nguvu, lakini jicho letu halikubadilika. Leo mteja akipoteza kilo kwa jasho lake mwenyewe, mama mkwe humvuta kando amuulize kama kuna tatizo nyumbani. Akienda ushago Desemba amejaza mashavu, ataambiwa Nairobi imemkubali.

Hofu hiyo ndiyo inayouza vidonge. Bibi arusi mmoja alikuja kujaribu gauni siku chache kabla ya harusi, zipu ikagoma. Uso umekuwa duara, tumbo limejaa, mikono imebaki ileile myembamba. Alikuwa akinunua vidonge vya kunenepa vinavyofungwa kwenye karatasi isiyo na jina. Vidonge vya namna hiyo mara nyingi ni deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa inayoiga homoni ya mwili, au siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Steroidi hiyo hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, na mafuta inayoyaleta huyapeleka usoni na tumboni, yaani pale pale pa hatari. Mbaya zaidi, ukiizoea kwa muda mrefu mwili huacha kutengeneza homoni yake ya asili, kwa hiyo hata kuiacha ghafla kunaweza kukuangusha. Nilimpanulia gauni, nikamwambia aende hospitali apunguziwe taratibu.

Upande wa pili wa duka linalouza vidonge hivyo kuna chai za kupunguza tumbo. Nyingi zina majani ya sena, na sena ni dawa ya kulainisha choo. Unachopoteza ni maji. Kiuno cha Ijumaa kinarudi Jumatatu.

Sasa niseme kinachonifurahisha. Siku hizi naona kwenye daftari alama za wanawake wanaonyanyua vyuma. Si wa jimu za vioo peke yao. Huku kwetu kuna vijimu vya mabati, vyuma vyenyewe ni mikebe ya rangi iliyojazwa simiti kila upande wa fimbo. Mwanamke akianza kuchuchumaa na chuma begani, mizani inaweza isisogee kabisa, lakini kiuno kinapungua, mgongo unapanuka, na blauzi ya mwaka jana inambana kwapani. Inabidi nikate kielelezo kipya cha karatasi. Halafu ananinong'oneza, "Fundi, nishonee mikono mirefu, nisionekane mwanamume." Hapo ndipo hasira hunipanda. Homoni ya kujenga misuli mikubwa, mwanamke anayo kidogo mno kulinganisha na mwanamume. Hataamka siku moja amekuwa mbeba magunia wa Marikiti. Na misuli hiyo ana kazi nayo. Ndiyo inayotumia sukari ya damu. Baada ya miaka thelathini na kitu huanza kupungua polepole, na hedhi ikikoma mifupa nayo hupoteza uzito kwa kasi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Watu hukumbuka la kwanza, la pili wanaliachia wavulana.

Kuhusu ile hesabu ya kliniki ya uzito na urefu, sitaki tuitupe. Aliyeibuni ni Mbelgiji Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa karne ya 19 aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi, si hali ya mgonjwa mmoja. Jina la BMI lilikuja 1972. Unagawanya kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa sentimita 160 akifika kilo 64 anahesabiwa kuwa amezidi uzito. Kwa taifa zima hesabu hiyo inasema kweli: utafiti wa kitaifa wa 2008-09 ulikuta robo ya wanawake wa Kenya wa umri wa kuzaa wamezidi, na ule wa 2014 ukakuta theluthi. Mtu akiniambia hilo ni umbo letu la Kiafrika tu, nitamuuliza kama umbo la Kiafrika hubadilika kwa miaka mitano. Kwa mtu mmoja mmoja, hata hivyo, haitofautishi msuli na mafuta, na mchezaji wa raga wa Kenya Lionesses anaweza kuitwa mzito na hesabu hiyohiyo.

Mweke huyo wa raga kando ya mkimbiaji wetu Faith Kipyegon. Faith hana nyonga za dukani. Alijifungua binti 2018, akarudi, akachukua tena dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Tokyo, na 2023 akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo kwa dakika 3 sekunde 49.11, akiwa mwanamke wa kwanza kuzimaliza chini ya dakika 3:50. Hakuna kati ya hao wawili anayeweza kuazima mwili wa mwenzake afanye kazi yake.

Lakini wembamba wa mwanariadha usiigwe kwa njaa. Mteja wangu mmoja alifanya mazoezi asubuhi na jioni akila kidogo mno, nguo zikamkaa vizuri ajabu, soko zima likimsifu. Siku moja akiwa amevua koti akaniambia hedhi imemkatikia. Mwili usiopata chakula cha kutosha hufunga kwanza mambo ya uzazi, na mifupa huanza kulipa gharama akiwa bado kijana. Tepu yangu ilisema anapendeza.

Bwana wa Donholm ametaja pia mama zetu wa zamani, kwamba hawakuhitaji jimu. Ni kweli, walikuwa punda wa nyumba zao. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapa utafiti wa Profesa Maloiy na wenzake kuhusu wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kichwa. Walionekana kubeba mzigo wa hadi moja kwa tano ya uzito wao bila kutumia oksijeni zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Ni ustadi wa kushangaza, na ulitokana na kubeba tangu utotoni. Mimi sioni kwa nini tuutamani urudi. Maji yakikatika mtaani kwetu bado tunapandisha mitungi ya lita 20 ngazini, na bwana huyo akitaka uhondo huo namkaribisha, mtungi nitamwazima.

Tunachokosa wanawake wa huku ni mahali na muda. Karura ni mbali na ina kiingilio. Uwanja wa Camp Toyoyo uko hapa hapa, lakini mara nyingi nakuta vijana na mpira wao. Kukimbia peke yako barabarani ni kupigiwa miluzi na makanga, na wengine hawaishii kwenye miluzi. Kwa hiyo tunatembea kikundi, wauza mboga wawili, mwalimu mmoja na mimi, haraka haraka kando ya Barabara ya Rabai mpaka Buruburu na kurudi, kila mmoja na chupa ya maji ya lita moja mkononi badala ya chuma. Anayetaka kuungana nasi, tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla sijafungua kibanda. Dada wa Kilimani akija atufunze kuchuchumaa vizuri, nitamshonea blauzi, na mikono nitaikata mifupi.