Kabla Hujagusa Paa la Tembe

Niliondoka kijijini kwetu, upande wa Mvumi, mwaka 1998 nikiwa na umri wa miaka 19, wakati Chamwino haijawa wilaya na sisi sote tukihesabiwa kuwa watu wa Dodoma Vijijini. Nilikwenda Tanga kwa kazi ya miezi sita, na miezi hiyo sita ikazaa miaka 23. Katika muda wote huo nilifika nyumbani mara mbili tu, mwaka 2009 kumzika baba na mwaka 2016 kumzika mama, na mara zote mbili nililala siku zisizozidi tatu kisha nikarudi kazini. Kwa hiyo niliporudi Desemba 2021, nikiwa na akiba ya kujengea, niliamini kwamba narudi kwangu. Imani hiyo ilinifanya nitende kosa ambalo nawaona watu wengi wakijiandaa kulirudia, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Siku ya tatu baada ya kufika nilimleta fundi kutoka mjini, nikamwonesha tembe la wazazi wangu na kumwambia aanze kulibomoa upande wa mashariki, kwa sababu nilitaka nyumba ya tofali na bati isimame pale pale kabla likizo yangu haijaisha. Fundi alipanda juu na vijana wake wakaanza kuparua udongo wa paa. Mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba, alivuka njia kutoka kwake, akasimama katikati ya ua akiwa amejifunga khanga kiunoni, akatazama juu kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umemuuliza nani?" Nilimjibu kwamba nyumba ni ya baba na mimi ndiye mtoto wa kiume pekee. Hakusema neno lingine. Aliondoka, na tangu jioni ile hakuna mtu aliyekuja kula nami.

Kwa msomaji asiyelijua tembe, ni nyumba ya Kigogo yenye vyumba vilivyopangwa kuuzunguka ua, fupi kwenda juu, kuta zake zikiwa za miti na fito zilizokandikwa udongo, na paa lake likiwa bapa. Paa hilo hushikwa na nguzo nene, juu yake boriti, juu ya boriti fito zilizobanana, na juu kabisa tabaka la udongo ulioshindiliwa. Kila mwaka kabla ya mvua udongo huo lazima uongezwe na nyufa zizibwe, la sivyo maji hupata njia. Tulipokuwa watoto tulianika mtama juu yake, na usiku wa joto tulilala huko. Ni nyumba iliyobuniwa kwa nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na udhaifu wake mkubwa ni kwamba haivumilii kuachwa wazi wakati wa masika. Mimi niliiacha wazi. Likizo ilipokwisha fundi alikuwa hajamaliza, nami nikaondoka kwa ahadi ya kurudi Februari. Mwezi Januari mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, chumba cha mama kikaanguka.

Habari hizo nilipewa kwa simu na dada yangu aliyeolewa kijiji cha jirani, na yeye ndiye aliyenieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya yote. Tangu mama afariki, nyumba ile haikuwa na mkaaji, lakini mama mdogo alikuwa akiingia humo kila baada ya siku mbili au tatu, akiwasha moto kwenye mafiga ya mama na kuuacha ufuke hadi jioni. Sababu yake ni ya kawaida na kila mzee wa Ugogo anaijua: moshi hukausha miti ya paa na kuipaka masizi, na mti wenye masizi mchwa huuogopa. Tembe lisilowashwa moto huliwa kuanzia ndani, na baada ya misimu michache hubaki kichuguu tu, watu wakapaita mahame. Kwa miaka mitano mwanamke yule alitumia kuni zake, ambazo hukusanywa mbali, kuilinda nyumba isiyo yake ili watoto wa shemeji yake wakirudi wakute mlango wa kuingilia.

Ushauri wangu wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko yote nitakayoyataja, ni kwamba usianze jambo lolote nyumbani kabla hujajua nani alipatunza wakati haupo. Usiulize swali hilo mbele ya watu wote, kwa maana anayestahili kutajwa mara nyingi ndiye mnyamavu. Uliza mmoja mmoja, na utazame vitu: nani ana ufunguo, nani analima shamba la nyuma, nani aliyepanda upya minyaa ya mpakani ilipokauka, nani anayefagia makaburi. Utakapomfahamu, nenda kwake kwanza, hata kama kiumri au kiukoo yuko chini yako, na usiende na orodha ya mipango. Niliporudi mara ya pili, Aprili 2022, nilikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo kabla sijapita kwenye ua wetu. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia kwamba nimekuja kuomba radhi kwa kuuharibu ulinzi wake. Alinyamaza muda mrefu, akachambua mlenda wake hadi ukaisha, kisha akasema chumba kilichoanguka kilikuwa na boriti mbovu tangu zamani. Hiyo ndiyo njia aliyoichagua ya kunisamehe.

Mwezi wa kurudi una uzito kuliko wengi tunavyodhani. Wengi wetu hurudi wakati wa Krismasi, tukiwa na zawadi na nguo mpya, na watu wa nyumbani hutupokea kwa furaha ya kweli. Lakini Desemba katika Dodoma ni wakati wa kupanda, ghala limekaribia kwisha, na mwenyeji anayekuchinjia kuku anatoa sehemu ya akiba yake ya miezi ya njaa inayokuja mbele. Nashauri urudi wakati kuna kazi ambayo mikono yako inaweza kuisaidia. Mimi niliikuta kazi ya kuamia ndege, maana uwele na mtama vinapoanza kukomaa kwelea kwelea huja kwa makundi mazito, na lazima mtu awe shambani tangu alfajiri hadi jua linapozama. Nilikaa kwenye ulingo na kombeo mkononi kwa siku 11. Mkono ulinivimba siku ya pili, na shabaha yangu ya utotoni haikurudi, lakini wazee waliokuwa wakinijibu kwa mkato Desemba walianza kusimama chini ya ulingo na kuzungumza nami. Wakati mwingine walinisalimu "Mbukwenyi" kwa makusudi ili wasikie kama Kigogo changu kimebaki, nami nilikijibu kwa kusuasua, na hawakunicheka.

Ni mmoja wa wazee hao aliyenifundisha jambo la misiba. Aliniambia kwamba mtu aliyepotea miaka 23 hajamaliza kurudi mpaka aihani kila nyumba iliyofiwa alipokuwa mbali. Nilimwomba dada tukae na daftari, tukaandika majina ya waliofariki tangu 1998. Yalifika 34. Zilinichukua siku tano kuzimaliza nyumba hizo, kwa miguu, kila mahali nikikaa angalau nusu saa na kuacha rambirambi ndogo, na kuna nyumba mbili ambako aliyenipokea alilia kwa kifo cha miaka 15 iliyopita kana kwamba nilikuwa wa kwanza kumwuliza. Sijui kazi nyingine yoyote ya kurudi nyumbani iliyonipa faida kama ile. Ukiwa na wiki moja tu ya likizo, itumie kwa misiba, na mambo ya ujenzi yasubiri mwaka mwingine. Nakuomba sana usilichukulie jambo hili kuwa la hiari.

Sasa nije kwenye ardhi, ambako upole peke yake hautoshi. Dodoma ya leo si ile niliyoiacha. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ile ya 2022 mkoa umetoka watu milioni 2 na kidogo hadi zaidi ya milioni 3, Serikali imehamia, mji wa Serikali umejengwa Mtumba, na tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme inakutoa Dar es Salaam na kukufikisha Dodoma kwa takriban saa nne, safari ambayo kwa treni ya zamani ilikuwa ya kulala njiani. Shamba ambalo baba alilima uwele na hakuna aliyelitamani sasa linapitiwa na madalali. Mtu aliyekuwa mbali lazima ajue sheria inamwangaliaje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inairuhusu halmashauri ya kijiji kuitangaza ardhi kuwa imetelekezwa iwapo mwenye nayo hakuikalia wala kuitumia kwa muda usiopungua miaka mitano, baada ya kufuata utaratibu wa kutoa taarifa. Nilipolisoma hilo nilihesabu: kutoka kifo cha mama mwaka 2016 hadi kurudi kwangu 2021 ni miaka mitano. Moto wa mama mdogo, na kunde alizokuwa akipanda nyuma ya nyumba, vilikuwa vimelinda zaidi ya miti ya paa.

Kwa hiyo nenda ofisi ya kijiji mapema, ujitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji, na uulize eneo la kwenu limeandikwaje. Kama halina hati, omba kijiji kikuelekeze jinsi ya kupata Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na hakikisha majirani wa pande zote wanakuwapo siku ya kuonesha mipaka, kwa kuwa mnyaa uliopandwa na babu unafahamika kwa majirani kuliko kwa karatasi. Kama mali bado iko kwa jina la marehemu, mtahitaji cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo ili mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Cheti cha kifo cha baba hatukuwahi kukichukua, na kukitafuta baada ya miaka 13 kulitugharimu safari nyingi, hivyo kama wazazi wako wamefariki na hujakichukua, anza nacho kesho. Mgogoro ukitokea, baraza la kata linaweza kuwasuluhisha, ila tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kutoa hukumu.

Katika kikao chetu cha ukoo kulikuwa na jambo moja lililoniuma. Jina la dada yangu halikutajwa kabisa miongoni mwa warithi, kwa hoja kwamba ameolewa na ana kwao. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, lakini sheria haizungumzi yenyewe kikaoni, inahitaji mtu wa kuisema, na mwanamume anayerudi kutoka mbali husikilizwa kuliko dada aliyekuwapo siku zote. Nilisimama nikasema sitatia sahihi muhtasari usio na jina lake. Baba zangu wawili walikasirika, mmoja hadi leo ananijibu salamu tu. Sijutii hata kidogo, na nakusihi ukipata nafasi hiyo uitumie, kwa sababu dada zetu ndio waliowauguza wazazi tulipokuwa tukituma fedha kwa simu.

Kuhusu watoto, waandae mapema. Wangu wamekulia Tanga na hawakuwahi kuonja ugali wa uwele. Niliwaambia wale kwa mlenda bila kukunja uso siku ya kwanza, na siku ya pili hawakuhitaji kuambiwa.

Upo pia uchungu ambao sikuuona ukija. Mbuyu tuliochezea chini yake, niliokuwa nikiuona katika ndoto kwa miaka yote, bado upo, lakini kisima kimehamishwa, njia ya kwenda shuleni imekatwa na nyumba mpya, na rafiki niliyechunga naye mbuzi hakunitambua hadi nilipotaja jina la utani. Nilikaa mwezi mzima nikiwa na hasira isiyo na mtu wa kuelekezewa. Ikikupata hali hiyo usiwalaumu waliobadilisha, maana waliishi hapo na maisha yanahitaji kisima kilicho karibu. Waombe wakuoneshe mapya kama ambavyo mgeni angeoneshwa, na uwaulize waliyafanyaje.

Nyumba ya tofali hatimaye niliijenga, mwaka 2023, si mahali pa tembe bali pembeni yake, pale alipoonesha mama mdogo mwenyewe kwa kuchora mstari kwa kisigino. Tembe tuliliezeka upya, na chumba kilichoanguka tulikiinua kwa boriti tulizopewa na majirani. Kila Novemba nachukua likizo, napanda paani na vijana wa ukoo kuongeza udongo kabla ya mvua, huku mama mdogo akikaa uani na kutuelekeza nyufa tusizoziona. Mwaka jana, tulipomaliza na kushuka, alikwenda kwake, akarudi na kijinga cha moto kinachofuka. Kila mwaka alikuwa akiingia nacho ndani mwenyewe. Safari hii alimpa binti yangu wa miaka tisa, akamwonesha kwa kidole mafiga yalipo, na yeye akabaki mlangoni.