Kwa mnaoanza kuhesabu bata kwenye majaruba ya Tabora

Karibuni, wadogo zangu. Sensa ya ndege maji, ile inayoratibiwa na Wetlands International, hufanyika Januari, na kwa Tabora ni wakati mzuri: mvua zilizoanza Novemba zimeshajaza majaruba, na mpunga bado mfupi. Ukirefuka, bata wanapotelea humo.

Kinachowatoa watu jasho ni wale bata wadogo. Wakiinamisha vichwa majini wote ni kahawia tu, kwa hiyo jifunzeni bawa kabla ya mwili. Bata domo-jekundu akiruka huonyesha kipande kipana cheupe-maziwa nyuma ya bawa. Yule aitwaye kitaalamu Spatula hottentota, aliye mdogo sana, ana mdomo wa buluu, na bawa lake ni la kijani lenye ukingo mweupe. Anayesumbua ni Spatula querquedula, mgeni wetu kutoka Ulaya na Asia. Vitabu humchora dume akiwa na mstari mweupe mpana juu ya jicho, lakini huku wengi huwakuta bado wamevaa manyoya kama ya jike. Angalia bega akiruka: dume ana buluu-kijivu hata mstari ukiwa haupo. Ukishindwa, andika “bata mdogo” na uendelee. Mimi huwa na wasiwasi na daftari ambalo kila ndege ana jina.

Fikeni kabla jua halijachomoza. Bata wengi hula majarubani usiku, kukipambazuka wanahamia mabwawani. Ndiyo maana timu ya majaruba na timu ya Bwawa la Igombe zinaanza saa ileile. Mkienda kwa zamu, kundi moja litahesabiwa mara mbili. Jua liwe mgongoni.

Kundi kubwa usilihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, tazama wamechukua nafasi kiasi gani, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Wageni wa kazi hii karibu wote hukisia pungufu. Na wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi hukaa wamesongamana, kwa hiyo ongezeni umakini hapo.

Jaruba lina mwenyewe. Pita kwake kwanza, msalimie kwa Kinyamwezi, “mwangaluka baba”, eleza shida yako, usikanyage miche wala kubomoa kingo. Mara nyingi ndiye atakayekuonyesha bata walikolala. Akikuuliza kama unaweza kumfukuzia bata wanaomlia mpunga, mjibu kwa adabu kwamba umetumwa kuhesabu.

Vaeni mabuti ya mpira. Maji haya yaliyotuama yana konokono, na kichocho hakichagui mtafiti.

Mahali pasipo na ndege andikeni 0, pamoja na saa mliyofika. Msiache nafasi wazi, maana anayesoma fomu hatajua kama bata hawakuwepo au ni ninyi hamkwenda.