Paneli Zikifunikwa na Theluji, Kaeni Ndani

Kila Januari simu zinaanza. "Kaka, apu ya sola inasoma sifuri, nipande juu ya paa?" Usipande! Nyinyi mliofunga sola majira ya joto huko Brooklyn Park na Maple Grove, vitongoji vya Minneapolis, Marekani, mkatuonyesha bili ya Julai kanisani, nisikilizeni leo nami nipate usingizi.

1. Sifuri ya Januari si ugonjwa. Desemba hapa Minnesota jua linakaa angani muda usiofika masaa tisa, na hata adhuhuri liko chini tu, kama nyuzi 22 juu ya upeo. Paneli zikiwa safi kabisa bado mavuno ni haba. Mavuno yenu ya mwaka yanatengenezwa kuanzia Machi hadi Septemba, na sheria ya jimbo ndiyo inayoilazimisha kampuni ya umeme kununua ziada yenu. Jua kali likitoka, theluji itaachia yenyewe.

2. Itaachia yote kwa mkupuo. Kama chini yake kuna mlango au gari, fungeni vizuizi vya theluji.

3. Stima ikipotea, sola nayo inazima. Hapa nitakaa, maana ujinga huu mlirithi kwangu. Kule kwetu Kisii sola ilikuwa ya nini kama si ya siku stima imepotea? Paneli juu ya mabati, betri chini ya kitanda, taa inawaka, jirani anakuja kuchaji simu. Basi nilipofunga zangu huku nikatangaza: stima ikipotea, njooni kwangu. Fundi alikuwa ameniandikia bei ya betri. Nikaitazama, nikafunua ukurasa unaofuata.

Ikaja dhoruba, nyaya zikaanguka, mtaa mzima giza. Asubuhi jua linawaka, baridi inakata masikio, na familia mbili zimejaa sebuleni kwangu na makoti yao, kwa sababu furnesi, mtambo wa kupasha nyumba joto, hata kama ni ya gesi feni yake inataka umeme. Nikatoka na reki ya paa. Nikavuta theluji paneli baada ya paneli, nusu yake ikaniingia shingoni. Zilipong'aa zote nikarudi ndani kifua mbele. Mama watoto, blanketi mabegani, akaniuliza kwa upole, "Sasa?" Nikashuka kuangalia inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani: taa nyekundu. Nikaizima, nikaiwasha. Nyekundu.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya nguzo za umeme, ndiye aliyenieleza. Gridi, yaani mtandao wa nyaya za kampuni ya umeme, ikikatika, inveta inajizima makusudi, la sivyo umeme wa nyumba yako utaingia kwenye waya ambao fundi ameushika akijua umekufa. "Miaka yote niliyokuwa juu ya nguzo," akasema, "niliomba mitambo kama hii yako isiwake." Wageni wangu tukawahamishia kwa shemeji, ambaye hana paneli hata moja ila ana jenereta. Mpaka leo nikisimama kanisani kutoa tangazo lolote, kuna mtu nyuma anakohoa.

Kwa hiyo anayetaka taa gizani anunue betri, na swichi ya kuitenga nyumba na gridi. Halafu asiitupe betri kwenye gereji isiyo na hita: lithiamu haichajiwi chini ya kiwango cha maji kuganda, labda iwe na kipasha joto chake.

4. Mkilazimika kuvuta theluji, reki iwe ya kichwa cha sponji. Maji ya moto yatapasua kioo. Kindi hutafuna nyaya, fungeni wavu.

5. Muuzaji akiwaahidi mwaka huu nafuu ya kodi ya shirikisho ya asilimia 30 ya gharama kwa paneli mnazonunua wenyewe, mwonyesheni mlango. Nafuu hiyo iliisha 31 Desemba 2025.

6. Baridi ni rafiki wa paneli. Hupimwa kwa selsiasi 25, na kila nyuzi ikishuka nguvu huongezeka kidogo, ndiyo maana siku ya Aprili yenye upepo inaweza kuishinda ya Julai. Lakini volti nazo hupanda, na hesabu ya paneli ngapi zifuatane kwenye mstari mmoja hufanywa kwa asubuhi ya baridi kuliko zote. Kuna kijana, namjua na yeye anajijua, amenunua paneli mbili mtandaoni aziongeze mwenyewe kwenye mstari wake mwishoni mwa wiki. Mdogo wangu, weka drili chini. Inveta ikiungua kwa volti za Januari, waranti haitakusaidia, na mimi sitapokea simu.