Muulize Infirmye (muuguzi): Si malaria, si karuho

Jambo Mama Infirmye. Nina miaka 38, ni mtoto wa Kadutu hapa Bukavu, ila tangu 2016 naishi Marekani, mjini Louisville. Kazi yangu ni ya ghala, usiku, kupakia makartoni kwenye malori. Mgongo uliponishinda, mwenzangu wa kazi alinipa kapsuli za unga wa majani uitwao kratomu, akasema ni kama chai tu. Zinauzwa kituo cha mafuta, kando ya sigara na biskuti. Nilianza na nne kabla ya kuingia kazini. Leo ni mwaka wa tatu, nameza 24 kwa siku: nane nikiamka, nane katikati ya kazi, nane nikitaka kulala. Mke wangu hajui.

Baba amefariki, nikaja kwa kilio. Nikajisemea hii ndiyo nafasi, nitaziacha huku nyumbani, nani ataona? Siku ya pili jioni nikaanza: miayo, kamasi, jasho, kuhara, miguu haitulii kitandani kama inatembewa na siafu. Nilipimwa malaria, hakuna. Watu wa kilio wakasema nimelishwa karuho, ile sumu ya kutiliwa kwa siri, na mjomba ameshaongea na mzee mmoja wa kunitapisha. Usiku wa manane nikameza nane kwa siri. Haikupita saa, nikapona, nikalala. Hapo ndipo nilipoogopa. Nimebaki na kapsuli 210, na siku 24 kabla ya ndege. Nikimwambia munganga wa hospitali si atanicheka, au ataita polisi?
— Baba wa wawili, Kadutu

Mwanangu, pole kwa mzee. Ujumbe wako ulinifikia Jumanne na nilikupigia siku ileile, maana mambo mengine hayangoji gazeti litoke. Haya nayaandika kwa ruhusa yako, kwa ajili ya wenye ndugu ng'ambo.

Nianze na yule mzee wa kutapisha. Mjomba ashukuriwe, na safari ifutwe. Mtu anayehara na kutoka jasho siku mbili ameshapoteza maji mengi. Ukimtapisha juu ya hayo unamtafutia msiba wa pili katika kilio kilekile. Sisi wa Bukavu kila tumbo likivurugika tunataja karuho na kutafuta jirani wa kumtupia macho. Lakini sumu gani hutulia kwa kapsuli nane? Kipimo ulijifanyia mwenyewe usiku ule, bila kujua.

Kratomu ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki: Thailand, Malaysia, Indonesia. Huko wafanyakazi wa mashamba walitafuna majani yake tangu zamani ili wavumilie jua na uchovu. Thailand iliupiga marufuku 1943, ikaufungulia 2021. Na utacheka: ni wa ukoo mmoja na kahawa, na kinkina pia, ule mti ambao kiwanda cha Pharmakina hapa kwetu hutoa kinini, dawa ya malaria, katika gome lake. Kwa hiyo mwenzako aliyesema “ni kama chai tu” angekuja Bukavu tumuonyeshe gome linavyoweza kuvumisha masikio. Kitu kikubwa ndani ya kratomu kinaitwa mitraginini. Kikiingia mwilini hugonga kwenye mlango uleule wa ubongo unaogongwa na morfini na tramadoli, dawa kali za maumivu. Miaka mitatu mlango wako umegongwa mara tatu kwa siku. Siku ulipokaa kimya, mwili mzima ukaamka kudai. Kwa kawaida madai hayo huanza kati ya saa 12 na 48 tangu dozi ya mwisho, yakakaza siku kadhaa, kisha yakapungua, ingawa usingizi huchelewa kurudi. Yanatesa, lakini hayamaanishi kwamba umerogwa wala kwamba wewe ni mtu mbaya.

Sasa hofu yako ya munganga. Sitakwambia ni ya bure. Miaka mingi iliyopita, kwenye kituo nilichokuwa nafanya kazi, alikuja kijana wa pikipiki, mikono inatetemeka, akaninong'oneza kwamba bila tramadoli haendeshi. Mimi, kwa uchovu au kwa kiburi, nikamjibu kwa sauti, foleni nzima ikisikia: “Kumbe wewe ni mlevi wa vidonge!” Alichukua kofia yake akaondoka. Sikumuona tena. Nakumbuka ile kofia kuliko uso wake.

Ndiyo maana nilikuambia: nenda asubuhi, omba kuongea na munganga mlango ukiwa umefungwa, na useme sentensi moja: “Nameza kitu kinachofanya kazi kama tramadoli, miaka mitatu sasa, nataka kuacha na nikiacha naugua.” Hapo hatakucheka, kwa sababu tramadoli kila munganga wa mji huu anaijua. Kratomu huenda hajaiona hata siku moja, kwa hiyo beba pakiti yenyewe. Usitegemee mkojo ukusemee. Vipimo vya kawaida vya morfini haviikamati. Na akikutuma SOSAME, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, usiruke. Najua mjini jina hilo watu wanalitaja kwa kupiga kidole kichwani. Waache wapige.

Ile hesabu tuliyoifanya kwa simu naiweka hapa. Nilikuwa nakusikia ukizipanga kumi-kumi kwenye sinia ya mama yako, mafungu 21. Ukiendelea na 24 kwa siku, siku ya tisa hazitoshi, na hapo utaanguka palepale ulipoanguka. Lakini ukishuka ngazi, 16 kwa siku tatu, kisha 14 kwa siku tatu, halafu 12, 10, 8, 6, 4, zinaisha kamili siku ya 21, na siku tatu zinabaki kabla ya ndege. Ngazi ya kwanza ni ndefu, kutoka 24 hadi 16 kwa mara moja, na hiyo ndiyo sababu sikutaka uishuke peke yako. Munganga aliikubali hesabu, ila akaigawa mara nne kwa siku badala ya tatu ili usiku usikutese. Mwingine asiinakili: kapsuli zako si zake, na unga huo hausimamiwi kama dawa, hata Marekani kwenyewe idara yao ya dawa haijauidhinisha kutibu chochote.

Alikupa pia klonidini. Ni dawa ya presha, lakini hupunguza jasho na ile miguu ya siafu. Inaweza kuangusha presha, kwa hiyo unapimwa kwanza, na ukiamka kitandani unaamka polepole. Kuhara, maji ya chumvi na sukari, na loperamidi kwa kipimo cha kwenye boksi; wapo wanaoimeza kwa wingi ili wajitulize, na moyo huvurugika mapigo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu au macho yakiwa manjano, rudi siku hiyohiyo, maana kratomu imeshaharibu maini ya watu.

Jambo moja nililikazia mpaka ukakasirika. Shemeji yako alikuletea tramadoli “ya kusaidia”. Hapana. Tramadoli inaweza kuleta kifafa, na kratomu huzuia ini kuivunja kama kawaida. Pombe na dawa za usingizi vilevile. Vikikutana na kratomu pumzi hulegea. Na ukishafika sifuri, siku shetani akikupitia, usirudi kwenye nane kwa mkupuo. Mwili utakuwa umeshazisahau.

Leo ninapoandika uko siku ya nane, kapsuli 12. Dada yako ndiye anayeshika kopo. Ulimwambia ukweli yeye kwanza, na kumbe alikuwa ameshaanza kukusanya pesa za yule mzee. Mke wako mwambie kabla ya kupanda ndege, kwa sababu ile njia ya kazini bado inapita kwenye kituo kilekile cha mafuta, na mgongo ni uleule. Ukifika, tafuta daktari wa mgongo kabla ya kurudi kwenye makartoni. Ukiona umeanza kuteleza, mwulize daktari kuhusu dawa iitwayo buprenofini. Imesaidia watu wa kratomu walioshindwa kushuka ngazi, na huko tangu 2023 daktari mwenye leseni ya kuandika dawa za namna hiyo hahitaji tena kibali cha pekee kuitoa. Na hapa katikati usiagize mtu akutumie pakiti nyingine kupitia Kigali. Unga wa kijani usio na karatasi, mpakani Ruzizi, utaueleza kwa lugha gani?

Mama wa Bagira anauliza: mwanangu ni motari, dereva wa pikipiki, nimekuta vidonge vya tramadoli ndani ya soksi. Nivitupe chooni?

Usivitupe, dada yangu, hata kama mkono unawasha. Akivikosa ghafla ataugua kama huyu wa Kadutu, na jioni atakuwa amenunua vingine, pengine vikali zaidi. Virudishe kwenye soksi kama ulivyovikuta. Mpikie, mngoje ale, watoto watoke, ndipo umuulize anakunywa vingapi. Akitaja idadi, usishtuke. Iandike kwenye karatasi, na kesho mwende nayo kwa munganga, wewe ukae nje kwenye benchi.