Imani yangu haikulelewa na mikutano mikubwa

Wiki iliyopita dada mmoja wa vijijini huko Nachingwea aliniandikia. Anasema kanisa liko mbali, padri hafiki mara kwa mara, na kila akishika simu anaona watu wa Dar es Salaam wakiwa kwenye mikesha, wanalia, wanaruka, wanashuhudia. Yeye anaamka, anachota maji, anapalilia, anapika, analala. "Dada, naona kama imani yangu imepoa. Nifanye nini?" Usiku ule nilimjibu kwa kifupi maana simu ilikuwa inazima. Leo nimekaa nimjibu sawasawa, na najua walio kama yeye ni wengi, hawasemi tu.

Mimi ni wa Masasi, Mwanglikana tangu tumboni, mkulima wa korosho. Na huku kwetu imani haikuletwa na maspika. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja, akashukia Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia yao wafike upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakasema basi, tunakaa hapa hapa. Wakajenga, wakalima. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani wapiganaji wa Kingoni, wakawavamia, wakachoma kijiji, wakachukua mateka, hata misheni ikahamia Newala kwa muda. Leo watu bado wanapanda Mtandi, mlima wa hapa Masasi, kusali. Hebu fikiria wale waliorudi kupanda muhogo penye majivu. Mkesha gani uliwatia moyo? Walikuwa na jembe, sala ya asubuhi na majirani.

Sasa yangu.

Kuna mwaka mikorosho yetu ilitukataa. Ilichanua vizuri, nikaanza hata kupiga hesabu za mabati. Zikaja zile asubuhi za baridi na umande, na ubwiri unga, ugonjwa wa maua ya mikorosho, ukaingia. Asiyeujua ubwiri unga aombe asiujue. Unakuta ua limepakwa vumbi jeupe, unaligusa linabaki vidoleni, baada ya siku chache limekauka jeusi na kudondoka. Salfa, dawa ya kuupulizia, tuliipata kwa mkopo, na tuliipata wenzetu wameshapuliza. Msimu ulipofika tulifagia chini ya mikorosho kama kawaida, tukakaa tunangoja kitu cha kuokota. Wengine walikuwa wanapanga foleni ghalani na magunia. Mimi nilikuwa nakwepa njia ya dukani kwa mwenye salfa.

Deni, ada ya mtoto, mume kwenda Mtwara mjini kutafuta kibarua na kurudi amekonda, hayo nayaruka, kila mtu huku anayajua.

Lililoniuma ni lingine. Kwenye kikundi chetu cha sala mama mmoja alisimama, akasema Mungu hafungi milango bila sababu, kila mtu ajichunguze nyumbani kwake pana nini. Hakutaja jina. Hakuhitaji, maana macho yote yalikuja kwangu. Nilimaliza wimbo wa kufunga nikiwa nimesimama, nikatoka. Nimemsamehe, na Mungu ni shahidi. Ila kila akisimama kushuhudia, mpaka leo, mimi huwa natafuta kitu kwenye pochi.

Aliyenifuata nyumbani hakuwa mtu wa kikundi. Alikuwa bibi jirani yangu, Mwislamu, mtu wa swala tano. Alikuja na bakuli la ming'oko, mizizi ya kuliwa aliyoichimba mwenyewe porini, imechemshwa na chumvi, bado inatoa moshi. Akakaa mkekani, akaanza kunimenyea kwa kucha, ganda linatoka jembamba kama karatasi, ananiwekea mkononi kipande kwa kipande kama mtoto mgonjwa. Nikaanza kumweleza, akanikatiza: "Kula kwanza, mwanangu. Kulia kupo tu." Hakuniuliza nimekosa nini. Nilikula mpaka bakuli likaisha, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu.

Kulipokucha nikafungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nenda ukaisome mwenyewe. Eliya amechoka, amelala chini ya mti, anamwomba Mungu amtoe roho. Na huyu ndiye aliyeshusha moto juu ya Karmeli sura moja tu nyuma! Malaika anakuja. Hahubiri. Haulizi una dhambi gani ya siri. Anamwamsha ale mkate na kunywa maji, anamwacha alale tena, anamwamsha mara ya pili ale tena, kwa sababu safari ni ndefu. Mlima Horebu na ile sauti ndogo vilikuja baadaye, tumbo likiwa na kitu. Nimehudhuria semina nyingi za kutiwa moyo. Hakuna iliyonifundisha nilichofundishwa na bibi yule ambaye hata hajawahi kuingia kanisani kwetu.

Najua kuna watakaosema ming'oko si mambo ya kiroho. Wakumbuke Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926. Wengine walitaka jando letu lipigwe marufuku moja kwa moja. Yeye alilichukua, akalitengeneza, akaliingiza ndani ya Kanisa kwa sala na baraka. Kama jando liliingia, bakuli la jirani litashindwa nini?

Kwa hiyo dada yangu, na wewe unayesoma na kujiona umepoa, acha kujipima kwa video za watu. Anza na kilichopo. Soma kidogo kila siku, hata zaburi moja. Biblia yangu ina madoa ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, kuanzia Zaburi mpaka Mithali, maana naisoma shambani wakati wa kupumzika, na doa la bibo halitoki hata ulifueje. Mwaka ule nilishinda kwenye Habakuki sura ya tatu, pale nabii anaposema hata mtini usipochanua na mashamba yasipotoa chakula, yeye atamfurahia Bwana. Mimi nilikuwa nasoma "mkorosho" kwa sauti, na sidhani Habakuki amekasirika. Kuna siku nilisoma bila kuhisi chochote. Soma tu. Imani haingoji uhisi.

Pili, tafuta mtu mmoja wa kusali naye. Mmoja anatosha, awe mtu ambaye hatapeleka habari zako kisimani.

Na tatu, ambalo ni lile lile la bibi jirani, peleka chakula kwa mtu. Kuna mgonjwa karibu nawe, kuna mzazi mpya, kuna aliyefiwa ambaye matanga yameisha na watu wametawanyika. Huyo ndiye wa kumwendea, siku ambayo hakuna tena turubai uani. Usiende na mahubiri. Wapendwa, tunapenda mno kuhubiri kwa watu wenye njaa! Tunamwekea mtu mkono kichwani na hatujui kama jikoni kwake moto umewaka. Yakobo aliliandika wazi katika sura ya pili ya waraka wake, na tunalisoma kanisani, na tunatoka tunampita mwenye shida getini.

Deni la salfa nimelilipa lote. Msimu uliopita mikorosho ile ile ilizaa mpaka tukaazima magunia, na fungu la kumi nililibeba mwenyewe mbele, taratibu, wote waone. Mnisamehe kwa hilo.

Umeniuliza pia, dada, kama ni dhambi kukosa ibada Jumapili wakati wa kuokota. Nenda kanisani, hata kama ni mwendo. Korosho iliyodondoka asubuhi utaikuta mchana. Kama unaogopa wezi, na najua wapo, mpokezane na shemeji: Jumapili hii abaki yeye shambani, ijayo ubaki wewe. Na anayebaki aachiwe Biblia.