Mavyaa wako hakukudhalilisha, mwanangu

"Bibi, assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mkaazi wa Wete, na nimo ndani ya ndoa mwaka wa sita bila ya mtoto. Nimekunywa makombe, nimezinguliwa, na nimetumia dawa za waganga wengi. Mume wangu alikwenda kupima mbegu bila ya kuniambia, akaniletea karatasi inayoonesha kuwa hana kasoro, nami nimeona amenisuta. Juu ya hayo, mavyaa wangu alisema mbele ya mawifi kuwa fedha za karafuu zake za msimu huu hatozigusa, ziwe za safari yetu ya hospitali Dar es Salaam, na huko ni kunitangazia ugumba. Nimesikia pia kuwa watoto wa maabara ni haramu. Niliwahi kulazwa kwa maumivu ya tumbo nilipokuwa nasoma Unguja, lakini hayo yalikwisha zamani. Je, nirudi kwetu ili wajue thamani yangu? Niliyechoka, Wete."

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nakupa pole, kwani najua namna mwanamke anavyozihesabu siku zake na uchungu unaompata anapoiona damu. Lakini umeniuliza kama urudi kwenu, na jibu langu ni kuwa usirudi. Nimeisoma barua yako nikimtafuta mtu aliyekudhulumu, na sikumuona.

Nianze na mumeo. Mwanamume aliyekwenda maabara kwa miguu yake kupima mbegu zake, bila ya kusukumwa na mtu, ni mwanamume wa kushikwa kwa mikono miwili. Wengi huoa mke wa pili na wa tatu, na huwarejesha watoto wa watu kwao kwa talaka, pasi na kujiuliza hata siku moja kama kasoro iko kwao, ilhali wataalamu wanaeleza kuwa katika takriban nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, upande wa mume una sehemu yake, peke yake au pamoja na wa mke: mbegu chache, mbegu zisizo na mwendo, mishipa ya korodani iliyovimba, au athari ya matubwitumbwi aliyoyaugua baada ya kubaleghe. Mumeo alijianza yeye kabla ya kukunyooshea wewe kidole. Kosa lake ni kwamba hakukwambia kabla ya kwenda, na hilo mwambie kwa maneno mazuri, ukimaliza usilirudie tena.

Ama mavyaa wako, mimi niko upande wake waziwazi. Zamani, na si zamani sana, mavyaa wa mwanamke asiyeshika mimba alikuwa akimtafutia mwanawe mke mwengine kimyakimya, na siku ya posa ndiyo siku aliyoijua mke wa kwanza. Wako ametoa karafuu. Wewe ni mtu wa Pemba, huhitaji kuelezwa kazi ya karafuu, kukwea, kuchambua, kuanika na kukimbilia kuanua kila wingu linapotanda, wala huhitaji kuambiwa kuwa mkarafuu hauzai vizuri kila mwaka. Mama aliyeutoa msimu wake kwa ajili ya matibabu ya mkaza mwana hakuwa akimtangaza, alikuwa akiwaambia mawifi zako kuwa jambo hili ni la nyumba nzima. Angeweza kukuita pembeni, nakubali. Lakini lau angelisema pembeni, wewe ungelikubali kwenda? Naona ungelikataa, na sababu ya kuona hivyo nitakueleza.

Unasema umesikia kuwa watoto wa maabara ni haramu. Umesikia, hukuuliza. Mwaka 1980, miaka miwili tu baada ya mtoto wa kwanza wa njia hiyo ya kukutanisha mbegu na yai maabara, Louise Brown, kuzaliwa Uingereza, Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haqq, alitoa fatwa kuwa inajuzu iwapo mbegu ni za mume na yai ni la mke wake, ndani ya ndoa iliyosimama, na haijuzu kuingiza mbegu, yai au tumbo la mtu wa tatu. Msimamo huo ndio unaofuatwa na wanavyuoni wengi wa Kisunni hadi leo. Mueleze sheikh unayemuamini hali yako, akujibu wewe. Kisomo ni dua na sikukatazi, ila dawa za kunywa zisizojulikana kilichomo, na zaidi zile za kujiwekea ukeni, ziache leo, kwa sababu zinaweza kukuletea maambukizi mapya juu ya tatizo unalolitafutia tiba.

Sasa nije kwenye sentensi moja ya barua yako ambayo naamini ndiyo barua yenyewe. Ulilazwa Unguja kwa maumivu ya tumbo, na "hayo yalikwisha zamani". Hakuna aliyekuuliza. Mtu anayelalamikia karatasi ya mumewe na maneno ya mavyaa hana haja ya kutaja ugonjwa wa usichana wake, isipokuwa ugonjwa huo unamkaa moyoni. Nadhani huogopi ugumba peke yake, unaogopa daktari ataona nini na atamwambia nani, na ndiyo maana kila mlango wa mganga umeugonga lakini wa hospitali hukuugonga.

Sikuulizi yalikuwa maumivu ya nini, na sitaki uniandikie. Nakueleza tu kuwa mirija ya uzazi huziba kwa sababu nyingi. Yapo maambukizi kama kisonono na klamidia, na hiyo klamidia mara nyingi haioneshi dalili yoyote. Kipo kidole tumbo kilichopasuka, upo upasuaji wa tumbo, kipo hata kifua kikuu kinachoingia kwenye via vya uzazi. Picha itaonesha kama mrija umeziba, haitoonesha hadithi ya maisha yako. Muombe daktari aonane nawe peke yako kwanza, na yeye umueleze kila kitu bila ya kupunguza, kwani amefungwa na siri ya kazi yake na bila ya habari kamili atakutibu kwa kubahatisha. Mficha uchi hazai, na hapa wahenga walikusudia hasa hali kama yako. Mumeo hana haki ya kuchimbua yaliyopita kabla yake, nawe hulazimiki kumsimulia alichokusitiri Mwenyezi Mungu. Anachostahiki kujua ni hali ya mwili wako ya leo na tiba mnayoikabili pamoja.

Hili si lako peke yako. Bibi harusi wetu hufundwa jikoni na chumbani, hufundwa subira na heshima, lakini haambiwi kuwa maumivu ya chini ya kitovu yasiyotibiwa vizuri yanaweza kumnyima mtoto miaka kumi baadaye. Vijana wanaoana wakiwa wamekubaliana juu ya rangi za nguo za harusi, huku wakishindwa kukaa kitako wakazungumzia miili yao. Shirika la Afya Duniani linasema kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila sita hukutana na tatizo la uzazi maishani mwake, na linahesabu kuwa ni tatizo pale mwaka mzima wa kukutana bila ya kinga unapopita pasi na mimba. Ninyi mmefika mwaka wa sita, nawe una miaka 33. Mayai ya mwanamke hupungua kwa wingi na kwa ubora, na baada ya miaka 35 hupungua kwa kasi zaidi; miezi unayotaka kuimaliza kwenu ukisubiri kubembelezwa huna.

Si lazima safari ianzie Dar es Salaam. Picha ya ultrasaundi, vipimo vya damu vya homoni na kuonana na daktari wa wanawake vianze hapa visiwani. Kipimo cha mirija ni cha eksirei, husukumwa dawa kupitia mlango wa kizazi kisha hupigwa picha, na hufanywa baada ya hedhi kukatika na kabla ya yai kutoka. Huuma kama maumivu ya hedhi, kisha hupoa. Ikionekana kuwa mirija iko wazi na tatizo ni yai kutokomaa, vipo vidonge vya kulikuza ambavyo bei yake si ya kutisha. Uvimbe wa kizazi una upasuaji wake. Mirija yote miwili ikiwa imeziba, hapo ndipo upandikizaji unapohitajika: sindano za kila siku kwa karibu wiki mbili, mayai hutolewa kwa sindano, hukutanishwa na mbegu za mumeo maabara, na baada ya siku tatu hadi tano kiini cha mimba kilichopatikana hutiwa tumboni mwako. Hugharimu mamilioni ya shilingi na mara nyingi mzunguko wa kwanza haufanikiwi, hata kwa wanawake wadogo kuliko wewe. Mavyaa wako aambiwe hivyo kabla hajauza karafuu, asije akadhani analipia mtoto.

Na usipojaaliwa baada ya yote, thamani yako haikupungua. Surat Ash-Shura inatuambia kuwa Mwenyezi Mungu humpa amtakaye wa kike, humpa amtakaye wa kiume, na humjaalia amtakaye kuwa tasa, na Bibi Aisha, mama wa waumini, hakuzaa. Ninachokukataza ni kujinyima tiba kwa khofu, kisha ukawatwika lawama waliokupendelea kheri.

Hedhi yako ijayo ikianza, iandike tarehe, na wiki hiyohiyo umuone daktari. Chukua karatasi ya mumeo, orodha ya dawa zote ulizotumia, na karatasi za Unguja kama bado unazo. Mueleze mumeo siku hiyo hiyo ulipoamua kwenda, na habari ya safari mavyaa wako aisikie kutoka kinywani mwako.