Maswali ya Walimu: Hadithi ya Wanafunzi 80

SWALI: Nafundisha Kiswahili darasa la tatu. Nikisimulia hadithi watoto wanachangamka, lakini wakiambiwa waandike, wengi wananakili sentensi niliyoiacha ubaoni. Nina wanafunzi 80 na vifaa hakuna. Kazi gani ya mikono itafaa?
Mwalimu, Ilemela

JIBU: Watengeneze kitabu kimoja cha darasa zima. Chagua hadithi yenye safari, mathalani sungura anayetafuta mtumbwi wa kumvusha kwenda Ukerewe. Hadithi ya maongezi matupu haichoreki. Igawe matukio 10, kila kundi la watoto 8 lipate moja.

Nunua manila 3, kila moja uikate vipande 4. Kumi ni vya matukio, kimoja cha jalada, kimoja akiba, maana hakikosekani cha kuchanika. Kundi lichore juu, na chini liandike sentensi 2 kwa penseli. Ubao uwe mtupu. Wakipanga kazi kwa Kisukuma, waache. Kinachotakiwa kwa Kiswahili ni zile sentensi.

Kazi yenyewe hasa iko kipindi cha pili. Changanya vipande, kila kundi litoe mtoto mmoja mbele, wajipange kwa mfuatano wa hadithi, kisha wasome. Hapo watasikia “alikwenda ziwani, alimkuta mvuvi, alimwambia” inavyokwama mdomoni. Sahihisheni pamoja: “alikwenda ziwani, akamkuta mvuvi, akamwambia.” Pia atajulikana aliyemwita sungura Kasungu ilhali kundi la jirani limemwita Mjanja. Wakikubaliana, ndipo wapitishe maka peni. Ukiruhusu maka peni siku ya kwanza, hakuna atakayekubali kufuta.

Kinachoharibu makundi ni fundi wa kuchora kushika kila kitu. Wagawe: 3 wachore, 3 waandike, 2 wakague herufi kubwa na nukta, na hadithi ijayo wabadilishane.

Kushona, tumia uzi wa nyavu, Mwanza haukosekani. Toboa kwa msumari matundu 4, sentimita 2 kutoka ukingoni. Yakiwa karibu zaidi, manila huchanika wakifunua. Gundi ya unga iache, mende na panya wa stoo wataila. Jalada libandikwe kipande cha boksi kwa selotepu, kisha kitabu kipelekwe darasa la pili, kila kundi likasome ukurasa wake.